Kitone cha Hamdiya

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Sista Avelina ametuomba akina mama wa jumuiya tuandike kila siku ya Kwaresima, hata mstari mmoja, ili ikifika Pasaka kila mtu aone moyo wake ulipita wapi. Mie niliishia darasa la saba kule Masasi, mkono wangu mzito. Nitaandika kama ninavyoongea. Mungu hasahihishi mwandiko.

Nimetoka kanisani na majivu yangu usoni, nikaenda moja kwa moja kwenye kazi ya ramani. Mafuriko yalipotukuta hapa Kwa Zuberi, watu wa uokoaji walifika Chanika wakazunguka mpaka jioni, maana mtaa wetu haukuwa hata na jina kwenye ramani. Ndipo akaletwa Wilfred, kijana msomi, mpole kama novisi wa utawa, akakusanya akina mama tunaojua vichochoro na kutufundisha. Unasimama na simu mbele ya duka, unaweka kitone, unajaza maelezo: jina la mwenyewe, anauza nini, bango lake ni la chapa gani, anafungua na kufunga saa ngapi, namba yake. Ramani ni ya wote. Mtu yeyote duniani anaifungua, na yeyote anaweza kuibadilisha.

Leo nimefanya mabanda ya mawakala wa pesa za simu, nikaanza na shoga yangu Hamdiya. Ni mjane, watu wao ni Waarabu wa siku nyingi, wauza duka tangu babu zao. Banda ni la marehemu mumewe, na yeye na bintiye Salsabil wanalala chumba cha nyuma. Nje ana bango la Chapu Pesa na lingine la uwakala wa benki.

"Niweke vizuri, Mama Herieth," akaniambia. Yupo kwenye mfungo, midomo imekauka, lakini utani haumwishi. "Hao wa nyumba mpya kule juu wanateremkaga mpaka standi kutoa pesa, wakati mie nipo hapa nafukuza inzi."

Nikamjazia kila kitu. Chapu Pesa, benki, saa, simu, na kwamba anahudumia mwenyewe hadi maghrib. Mtu ninayempenda siwezi kumjazia nusu.

Ijumaa, 7 Machi

Mzee Fakihi wa duka la kona kanifukuza. Nilimwuliza chapa za mabango yake, akasema, "Andika duka." Nikamwambia, mzee wangu, duka la nini, la nani, maana ramani inataka maelezo. Akasema, "Duka. Anayenijua ananijua. Asiyenijua ananitakia nini?"

Nimeandika duka. Nimeondoka nimenuna. Kuna watu roho zao zina kutu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza. Bati linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumamosi, 15 Machi

Kikao cha ramani, ofisi ya serikali ya mtaa. Leo kumekuwa na mabishano kuhusu chapa. Naima, binti mwenye banda la uwakala pale standi, ambaye naye yumo katika kundi letu, alianzisha.

"Sasa braza Wilfred," akasema, "mie nikiandika Chapu Pesa kwenye kila kitone si nawafanyia tangazo la bure? Wanilipe."

Watu wakacheka. Wilfred akaeleza kanuni: tunaandika kinachoonekana mtaani. Bango lipo, linaonekana, basi ni ukweli kama mti ulivyo ukweli. Na kitone kisichojazwa ni sawa na nusu ya kitone. Mradi unaangalia ukamilifu.

Alikuwepo pia afisa mauzo wa Chapu Pesa, jina lake Usama, kijana nadhifu, ananukia udi. Ametuletea miavuli na aproni zenye rangi za kampuni. Akasema wao wana orodha yao ya mawakala, na watakuwa wanalinganisha na ramani yetu ili hata mmoja asisahaulike. "Wakala asiyeonekana ni wakala aliyekufa, mama zangu."

Nilipiga makofi. Nimemwambia Naima nitamjazia chake mie mwenyewe, asihangaike. Ana kicheko cha mdogo wangu aliyetangulia mbele ya haki. Na Benson wa njia panda pia nimemkamilisha, maana ni wa kwetu Masasi, na mkewe ananiletea mihogo. Wengine nimewaandikia majina tu, nitarudi nikipata muda.

Jumatano, 19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Nimemfanyia mume wangu Kornelio wali wa nazi, maana naye ni fundi wa mti. Anachonga vinyago, na kule wanakouzia maji yameingia, kwa hiyo yeye na wenzake wawili wamehamishia magogo ya mpingo kwenye baraza letu. Tok, tok, tok kutwa. Nikilalamika ananiambia, "Mama Herieth, mvua inapiga bati bure, mie napiga mti napata chakula."

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumamosi, 22 Machi

Naima kavamiwa.

Ilikuwa mchana, mvua ile inayonyesha mpaka husikii mtu aliye mbele yako. Wanaume wawili, makoti ya mvua, helmeti kichwani, wakasimama dirishani kama wateja. Mmoja alikuwa na simu ndani ya mfuko wa nailoni. Naima anasema alitazama simu, akamtazama yeye, akatazama simu tena. Kisha akamwita kwa jina. Alipoitika wakaingia.

Wamempiga mbavu kwa mpini wa panga na kuchukua kila kitu. Watu walikuwa wamejikinga hatua chache tu kutoka pale, hakuna aliyesikia. Nimekwenda kumwona. Anaongea kidogokidogo, pumzi inamkata. "Mama, walijua jina langu," aliniambia, akarudia. Mie nikadhani ni homa.

Jumatatu, 24 Machi

Mwenyekiti wa mtaa anasema mvua ndiyo inaleta wezi, kila masika ni hivi. Tumesali rozari jumuiya kwa ajili ya Naima.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Daraja la miti limesogea. Tok, tok barazani.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Nimekwenda kwa Hamdiya na sahani yangu, nikarudi nayo imejaa pilau. Amevaa dera jipya la rangi ya maji ya bahari, mzuri, huwezi kumdhania ujane. Anasema wateja wamekuja. Mwalimu mmoja wa nyumba mpya alimwambia amemkuta kwenye ramani.

"Amenisalimia kwa jina kabla sijamwona uso," akasema, anacheka. "Nikamwambia, baba, na wewe nani? Hapo akaona haya."

Nami nikacheka. Ila mkono wenye kijiko ulinisimama kidogo, sijui kwa nini. Salsabil alikuwa sakafuni na vitabu vyake vya kidato cha nne, mlango wa nyuma uko wazi, upepo wa mvua unaingia kutoka kwenye kijia chao cha migombani.

Alhamisi, 3 Aprili

Nitaandika yote, ingawa sitaki.

Asubuhi wamekwenda kwa Benson. Ni walewale: makoti, helmeti, pikipiki imeachwa inaunguruma. Yeye ni mwanaume, akakataa kufungua droo. Wakamkata mkono wa kulia, panga likafika mfupani. Daktari anasema atapona, lakini vidole havitashika tena.

Nilikaa na mkewe kwenye benchi hospitalini. Hakuwa analia. Alikuwa anajiuliza tu, kama mtu anayetafuta ufunguo. "Wifi, wametokea barabara kubwa. Wamepita kwa Mzee Fakihi mwenye duka kubwa kuliko yote. Wamepita mabanda yote njiani. Wakaja kwetu moja kwa moja. Kwetu tuna nini?"

Nikamwuliza kama walikuwa na simu mkononi. Akanitazama. "Umejuaje?"

Nimerudi nyumbani nimelowa, hata kanga sikubadili. Nikaifungua ramani. Nimegusa kitone cha Fakihi: duka. Nimegusa mabanda ya njiani: majina matupu, ambayo niliahidi kurudi kuyajaza nikasahau. Nikagusa cha Naima. Jina, Chapu Pesa, benki, hufunga saa ngapi, anahudumia mwenyewe. Nikagusa cha Benson. Vilevile, mpaka nilikuwa nimeandika kwamba mkewe huenda sokoni asubuhi, kwa hiyo asubuhi mteja atamkuta Benson peke yake.

Niliyaandika mimi. Niliyaandika kwa mapenzi. Wote niliowanunia wako salama, na wale niliowapenda nimewaanika kama dagaa.

Halafu nikakigusa cha Hamdiya, kilichojaa kuliko vyote.



Ijumaa, 4 Aprili

Nimefunga kwa maji. Nimemwambia Hamdiya kila kitu. Akasema, "Sasa hujaniua bado. Njoo ukae." Akanipa chai, nikasema nimefunga, akasema basi itazame.

Jumamosi, 5 Aprili

Kikao. Nimesimama nikasema niliyoyaona. Nilidhani watashtuka. Wilfred alikunja mikono.

"Mama, pole sana. Lakini hatuna ushahidi. Mabango yako nje, mwizi anaona kwa macho. Sie hatujaandika siri ya mtu."

Hamdiya alikuwa amekuja, ingawa si wa kundi. Alisimama na buibui lake limelowa pindoni.

"Mwanangu," akasema, "bango langu anaona anayepita. Na anayepita, mie nami namwona. Namjua huyu mlevi, huyu mke wa fulani, huyu mgeni, na mgeni nikimtilia shaka nafunga dirisha. Huyo anayenisoma kwenye hiyo simu yenu, mie namwonea wapi?"

  Mzee Fakihi naye alikuwa mlangoni, sijui alikuja lini, akasema taratibu, "Bango nalishusha jioni naliingiza ndani. Hilo lenu halishuki."

Nilimtazama yule mzee, nikajutia ile kutu niliyomwandikia.

Tukabishana. Mmoja akasema tuache chapa, tuondoe saa. Mwingine akasema chapa ndiyo mbaya, maana chapa ya benki inasema hapa pana pesa nyingi kuliko hapo. Mwingine akasema tukiondoa kila kitu, mafuriko yakija nani atajua nani yuko wapi. Nikasema, kwa uokoaji inatosha kujua pana banda na pana watu wanaolala. Mwenye kuokoa hahitaji kujua wakala wa benki gani. Tumekubaliana hivi: anayefanya kazi peke yake, au anayelala palepale anapouzia, tunaweka jina la mtaa na aina ya jengo, basi. Chapa, saa na simu hapana.

Wilfred alikubali, akafuta vitone mbele yetu. Lakini tulipotoka alinivuta pembeni. Nimemlea kama mwanangu tangu Januari, sijawahi kumwona na uso ule.

"Mama, nikwambie ukweli. Ukifuta, kinatoka juu tu. Chini inabaki historia ya kila badiliko, na jina la aliyelifanya. Na watu wengi wameshashusha nakala zao."

"Kwa hiyo tumefanya nini leo?"

"Tumefanya tulichoweza." Akafungua ule mwavuli wa Chapu Pesa akaondoka.

Jumatatu, 7 Aprili

Kitone cha Hamdiya kimerudi, na kila kitu chake. Nimekifuta.

Jumanne, 8 Aprili

Kimerudi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimefuta asubuhi. Mchana kimerudi. Mvua haijakata tangu jana.

Alhamisi, 10 Aprili

Ni Usama. Nimemkuta kwa Hamdiya anapaka rangi mpya kwenye mbao za banda, kijani na njano, mvua ikipumzika. Akanisalimia vizuri, "Shikamoo mama yangu," nikashindwa hata kuwa na hasira.

Nikamwuliza kwa nini anarudisha. Akasema si yeye, ni ofisini. Kompyuta yao inalinganisha orodha na ramani kila siku. Wakala akikosekana, inamrudisha pamoja na maelezo ya zamani.

"Iambieni isimrudishe."

"Mama, mie nina tageti. Wakala wangu wakipotea kwenye ramani, mimi ndiye napotea." Akashusha brashi. "Na wizi haukuanza na ramani. Babu yangu aliibiwa Mbweni kabla simu hazijazaliwa."

"Na Benson?"

Akatazama rangi kwenye vidole vyake. "Nitawaandikia ofisini," akasema. Ninaamini ataandika. Siamini kama kuna wa kusoma.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Niliingia kwenye ramani baada ya misa, tawi langu bado liko mkononi. Kitone kipo. Na kuna kitu kipya. Nyuma ya banda la Hamdiya pamechorwa mstari mwembamba, unatoka mlango wa nyuma, unapita migombani, unatokea barabara ya vumbi. Kile kijia. Kijia ambacho hata jirani wa upande wa pili hakijui.

Nimempigia Wilfred. Akaangalia, akasema si mtu wa hapa. Ni mtu wa mbali, huenda hajafika hata Afrika. Anakaa kwake, anatazama picha zilizopigwa kutoka angani, anaona kijia, anakichora. Watu wapo wengi wa hivyo, wanajitolea.

"Kwa nini achore nyuma ya nyumba ya mjane?"

"Kwa nia njema, mama. Ameacha na ujumbe chini ya jina lako. Anashukuru kwa maelezo mazuri."

Nimeufuta mstari. Nimerudia kuufuta. Halafu nimekaa na tawi langu. Huyo mtu wa mbali hana ubaya. Ni mimi huyo, ila na macho makali zaidi.

Jumatatu, 14 Aprili

Hamdiya ameshusha mabango yote mawili na kuyageuzia ukutani. Nikamwambia, funga kwanza banda, nenda kwa dada yako Goba mpaka mvua iishe. Akatikisa kichwa.

"Shemeji zangu wanasubiri hilo tu. Nikifunga wiki moja watasema mjane ameshindwa, watakuja na kufuli yao. Walisema kwenye arobaini ya marehemu, nilikuwa nimekaa palepale, nasikia." Akamwangalia Salsabil. "Huyu ana mtihani Novemba. Nikiacha nakufa polepole, Mama Herieth, nikiendelea nakufa haraka. Nichague lipi?"

Wilfred nimempigia, hapokei. Usama anapokea, ananiambia subiri.

Jumatano, 16 Aprili

Bodaboda mmoja amesema ameona wawili wenye makoti wamesimama standi, wanatazama simu. Labda ni watu tu. Kila mtu ana koti sasa hivi.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Nimefikiri hivi, na ninaandika ili nisijidanganye baadaye.

Nikikifuta kitone, kompyuta yao inaona pengo na inarudisha. Lakini nikikisogeza haitaona pengo. Wakala yupo, chapa ipo, saa zipo, namba ipo. Kimesogea tu. Mara ya kwanza tulipojifunza, Wilfred alituapisha jambo moja: kosa unaweza kufanya, uongo usiweke. Na mie ndiye ninayewafundisha watoto wa komunyo ya kwanza amri ya nane, usiseme uongo.

Kisha nikajiuliza nikisogeze wapi. Uwanja wa shule, wataingia kwa watoto. Kwa Fakihi, nitakuwa nimemwuza. Porini mtoni, watazunguka wanauliza watu mpaka waelekezwe. Uongo lazima uangukie paa la mtu, na mwenye paa awepo wa kuujibu. Nimelitafuta paa ninaloruhusiwa. Nimepata moja.

Baada ya ibada ya kuosha miguu nimekaa kwenye ngazi za kanisa, nikakibonyeza kitone cha Hamdiya, nikakivuta mpaka juu ya nyumba yetu, upande wa pili wa korongo, nikakiachia.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimemwambia Kornelio. Alikuwa anakwangua shavu la kinyago, hakuinua macho.

"Kwa hiyo mimi sasa naishi kwa Hamdiya."

"Kwenye ramani."

"Na hao jamaa wanaishi wapi? Si kwenye ramani?"

Nikaanza kulia. Akaweka tezo chini. Wenzake nao wakaacha kugonga. Mwisho akasema, "Ungeniuliza kwanza."

"Ungekubali?"

"Ningekataa," akasema. "Ndiyo maana ungeniuliza kwanza." Lakini jioni nimemsikia anawaambia wenzake wasirudishe magogo kule sokoni hata maji yakitoka. Wachongee hapa, mpaka atakaposema.

Hamdiya sijamwambia. Akijua atakataa.

Pasaka, 20 Aprili

Amefufuka. Mvua imenyesha wakati wa Aleluya. Sista ameuliza nani ameandika mpaka mwisho, sikuinua mkono.

Jumatano, 23 Aprili

Kitone bado kipo kwetu. Kompyuta yao imenyamaza. Nimekwenda kuungama. Nimemwambia Padre nimeweka uongo mahali pa watu wote. Akaniuliza nitausahihisha lini. Nikasema, Padre, siwezi. Akasema toba bila kusahihisha ina shida, mwanangu. Nikasema najua. Akaniambia nirudi siku nitakayokuwa tayari.

Nimetoka bila ondoleo la dhambi. Ni mara ya kwanza tangu nikiwa msichana.

Ijumaa, 25 Aprili

Wamekuja.

Mvua ilikuwa imekata tangu alfajiri, jua limetoka, ila makoti walikuwa nayo, na helmeti hawakuvua. Nilikuwa uani napeta mchele. Pikipiki ilizimwa mbali kidogo wakaja kwa miguu, wawili. Mmoja ana simu ndani ya nailoni. Akaitazama, akaitazama nyumba, akanitazama mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hapa ndipo kwa Hamdiya, wakala?"

Sauti ni ya kijana. Ningeweza kuwa nimemfundisha ekaristi. Ungo ulikuwa mkononi, na mchele ukawa umeacha kucheza.

"Ndipo."

"Yupo?"

"Ni mie."

Akaitazama simu tena. Yule wa pili alikuwa anasogea pembeni, anaangalia kama kuna njia ya nyuma. "Mbona hakuna bango, mama?"

"Nimerudisha. Nimeacha uwakala, macho hayaoni tena hizo namba. Pesa zote kampuni wamezichukua wenyewe."

"Lini?"

"Kabla ya Pasaka."

Ndipo nilipogundua kwamba kugonga kumekoma. Kornelio alikuwa amekuja kwenye kona ya baraza, kifua wazi, vumbi jeusi la mpingo mpaka kwenye nyusi, tezo inaning'inia mkononi. Wenzake nyuma yake. Yule wa pili akarudi kutoka pembeni.

"Karibuni maji," Kornelio akasema.

"Asante, mzee." Mwenye simu akaiingiza ndani ya koti, polepole. Akanitazama uso kwa muda, kama anayeusoma ili asiusahau. "Basi mama. Tutapita siku nyingine."

"Karibuni," nikasema.

Waliondoka. Nilikaa chini palepale. Kornelio alinitolea ungo mkononi, kidole kwa kidole.

Tumekwenda kituoni tumeeleza, na tumemweleza mwenyekiti. Wameandika. Nimewaambia walikuja vipi na walisema nini. Sikuwaambia kwa nini walikuja kwetu, Kornelio ndiye aliyesema, na nilishukuru.

Jumapili ya Huruma, 27 Aprili

Sikupokea komunyo. Nilibaki kwenye benchi wengine walipopanda, na mke wa Benson, aliyekuwa kando yangu, akabaki nami bila kuniuliza. Mumewe alikaa upande wa pili, mkono umefungwa shingoni, anajifunza kufanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto.

Nimerudi kwa njia ya kwa Hamdiya. Dirisha liko wazi, watu wamesimama foleni, Salsabil anasoma kizingitini. Hamdiya akaniita, "Mama Herieth, mbona unanipita kama mdeni?" Nikasema nina haraka, jungu liko jikoni. Akanirushia embe.

Barazani wanagonga. Nimekaa karibu nao, nimeifungua ramani. Kitone kiko palepale juu ya paa letu, na chini yake jina langu. Nimeizima simu na kuanza kumenya embe.